Picha za filamu za watu waliojipamba kwa sherehe: uhariri uishie wapi

Mtu aliyetoka kwake na doti mpya ya kanga, wanja umekolea, hina imepanda mpaka kwenye vifundo vya mikono, ameshaifanya kazi ya rangi kabla kamera haijatolewa begani. Picha yake ikirudi kutoka kwenye skana huwa na mambo ya aina mbili. Kuna makosa yaliyoletwa na filamu, maabara na skana: rangi iliyoelemea upande mmoja, weusi uliofifia, vumbi. Na kuna mambo ambayo si makosa kabisa, ila jicho lililozoea picha za simu huyaona hivyo: jasho linalong'aa kwenye paji la uso, punje za filamu, kivuli kizito chini ya kidevu. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuondoa ya kwanza na kuyaacha ya pili.

Mifano yetu imetoka Unguja. Mmoja ni gwaride la ufunguzi la Sauti za Busara, tamasha linalofanyika mwezi wa Februari tangu 2004, ambamo hupita beni, wanasarakasi na watu wanaotembea juu ya magongo marefu. Mwingine ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, mwezi wa Julai, wenye mapigano ya migomba, kibanda kinachochomwa moto na wanawake wanaoimba wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Kanuni inayotuongoza ni moja: kadiri mtu alivyojipamba zaidi, ndivyo picha yake inavyohitaji mkono mchache.

Uhariri huanzia kwenye mita ya mwanga

Picha nyingi zinazofanyiwa uhariri wa kupindukia ni picha zilizopigwa na mwanga haba. Filamu ya negativu ya rangi husamehe mwanga mwingi, haisamehi mwanga kidogo. Kodak Portra 400 ikizidishiwa stopu 2 (kila stopu huzidisha mwanga mara mbili) bado hutoa uso mzuri. Ikipungukiwa stopu 2, vivuli huwa vyepesi mno kwenye negativu, na mtu akivivuta kwenye kompyuta hupata tope la kijani lenye punje nene. Hapo hakuna programu ya kuokoa. Kilichobaki ni kuviacha vivuli vizame kwenye weusi.

Chanzo kikubwa cha kosa hili ni kanzu. Mita hudhani kila kitu ni kijivu cha kati. Ukiielekeza kwa mtu mwenye kanzu nyeupe, itasoma weupe, itapunguza mwanga, na uso utaingia gizani. Kwa hiyo:

Weka mita kwenye ISO 200 hata kama filamu ni ya 400, ili filamu ipate stopu 1 ya ziada. Sogea, upime uso wenyewe, upande unaopata mwanga. Ngozi ikiwa nyeusi sana, punguza stopu 1 kutoka kwenye kipimo hicho. Ikiwa maji ya kunde, punguza nusu stopu. Usiijali kanzu, kwani itakaa stopu 3 au 4 juu ya uso na negativu ina nafasi ya kuibeba. Ukiwa na mita ya mkononi yenye kikombe cheupe, kazi ni rahisi zaidi: iweke mbele ya uso, ielekee kamera, uchukue kipimo kama kilivyo.

Ektar 100 ni filamu nzuri ya mandhari, lakini wekundu wake ni mkali na nyuso huwa kama zimechomwa na jua. Ibaki kwa majahazi. Filamu ya "kusukumwa" maabara, yaani kusafishwa kwa muda mrefu zaidi ya kawaida, nayo haifai hapa, maana huongeza kontrasti wakati kanzu na buibui vimeshaleta kontrasti ya kutosha.

Kila mwanga unapobadilika, yaani unapotoka barabarani na kuingia uchochoroni, piga fremu moja ya kadi ya kijivu (kadi ya kupimia yenye kijivu cha kati) ikiwa karibu na uso wa mtu. Utatumia fremu 2 au 3 katika roli nzima, na zitakuokolea jioni nzima ya kubahatisha. Na kama filamu inasafiri kwa ndege, omba ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za ukaguzi za CT huiunguza.

Kuskani

Ukipeleka filamu maabara, sema waziwazi: skani bapa, isiyoongezwa kontrasti wala kunolewa, na TIFF kama wanayo. Usiposema, mashine itajirekebisha yenyewe fremu kwa fremu, na hapo ndipo nyuso nyeusi huharibika. Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi mashine za kuchapa picha zilipimwa kwa kadi zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha "rangi sahihi". Marekebisho ya otomatiki ya leo hayatumii kadi hizo, lakini yakiona fremu iliyojaa weusi bado huipandisha mpaka uso uwe kijivu kama majivu.

Ukiskani mwenyewe kwa skana ya bapa, ile ya kioo, 2400 ppi (pikseli kwa inchi) inatosha. Skana nyingi za nyumbani huandika 6400 kwenye boksi, lakini undani wa kweli hauzidi sana hiyo 2400, kinachoongezeka ni uzito wa faili. Fremu ya 6×6 ya filamu pana ya 120, ambayo kwa kweli ni milimita 56 kwa 56, itakupa pikseli karibu 5,290 kila upande, za kutosha kuchapa sentimita 44 kwa 300 ppi. Fremu ya 35 mm itakupa pikseli 3,400 kwa 2,270, zinazokaribia karatasi ya A4 kwa 300 ppi hiyohiyo. Hifadhi kwa biti 16 kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na buluu). Faili ya 6×6 itakuwa na MB 168 hivi, lakini ukihifadhi biti 8 anga litakatika ngazi ngazi mara tu utakapogusa rangi.

Zima kila kitu cha otomatiki: rangi, kunoa, kufufua rangi. Kitu kimoja tu kinaweza kubaki, nacho ni kuondoa vumbi kwa infraredi, tena kwa filamu ya rangi pekee. Kwenye filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, kama HP5, fedha iliyomo huzuia infraredi, skana huiona picha yenyewe kama vumbi na kuitafuna.

Filamu ikijikunja na kugusa kioo, utaona duara za rangi kama mafuta juu ya maji. Ilaze chini ya kitabu kizito siku nzima, kisha uskani tena. Kuzifuta duara hizo kwenye kompyuta ni kujitesa.

Kugeuza negativu: roli nzima kwa mpango mmoja

Hatua hii ndiyo inayoamua kama utahariri dakika 5 au saa 2. Usigeuze kila fremu peke yake. Kanga nyekundu ikijaza fremu, programu hudhani wekundu ule ni kosa, huongeza samawati kuusawazisha, na uso wa mvaaji hugeuka kijani kijivu. Fremu inayofuata, yenye kanzu, inatoka na rangi nyingine kabisa. Watu walewale, jioni ileile, wanaonekana kama wamepigwa nchi mbili.

Kwenye darktable, ambayo ni ya bure, moduli ya negadoctor hufanya hivi vizuri. Chagua fremu ya kadi ya kijivu. Pima rangi ya msingi wa filamu kwenye ukanda usiopata mwanga kati ya fremu mbili, ule wa rangi ya machungwa. Halafu weka kiwango cha juu cha weusi wa negativu, sahihisha rangi ya vivuli, kisha rangi ya sehemu angavu, mwisho mwanga wa uchapaji. Kadi ikiwa kijivu safi, nakili mpangilio huo kwa fremu zote za mwanga uleule. Za uchochoroni zina mpangilio wao.

Kanzu si kadi nyeupe

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kubofya kanzu kwa kile kitone cha kupimia weupe. Kanzu inaonekana nyeupe, kwa hiyo mtu anaona ndiyo kipimo. Lakini kanzu ya sherehe imefuliwa, mara nyingi imetiwa bluu ya kufulia, na sabuni za unga nyingi zina kemikali zinazomeza mwanga usioonekana wa jua na kuutoa tena kama mwanga wa buluu. Filamu huuona ubuluu huo kuliko jicho linavyouona. Ukiilazimisha kanzu iwe nyeupe kamili, unaongeza manjano kwenye picha nzima, na uso unakuwa wa homa ya ini. Nyingine si nyeupe tangu zilipokatwa, ni za rangi ya maziwa. Ukizing'arisha umemvisha mtu kanzu asiyoinunua.

Weupe wa jicho haufai kwa kipimo, meno hayafai, na ukuta wa chokaa haufai kwani una manjano yake. Usipokuwa na kadi, tafuta mkanda mweusi wa begi au lami kavu, halafu hakikisha kwa ngozi.

Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe uso huwa na rangi mbili: upande mmoja joto la ukuta unaopigwa na jua, upande wa pili ubaridi wa anga. Usizisawazishe. Tengeneza upande wa joto uwe sahihi, uache wa pili uwe na ubuluu kidogo. Ukiuondoa wote, uso unakuwa bapa kama picha ya pasipoti.

Ngozi

Fungua kipima rangi, usome namba badala ya kuamini macho, hasa usiku. Kwenye sRGB, mfumo wa rangi wa skrini unaopima kila rangi kutoka 0 hadi 255, upande wenye mwanga wa ngozi nyeusi sana huwa takriban nyekundu 95 hadi 120, kijani 65 hadi 85, buluu 50 hadi 70. Maji ya kunde: 150 hadi 175, 105 hadi 125, 80 hadi 100. Si sheria, kwani mwanga wa machweo hupandisha nyekundu, lakini mfuatano hauvunjwi: nyekundu juu, kijani katikati, buluu chini. Kijani kikikaribia nyekundu, ngozi ina ukijani. Buluu ikikaribia kijani, ngozi ina majivu. Marekebisho yawe madogo, pointi 3 hadi 6 kwenye chaneli moja, kwenye tani za kati tu.

Ile sehemu inayong'aa kwenye paji la uso au shavu itavunja mfuatano huo kwa sababu ni anga linaloakisiwa. Iache. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake kwa vivuli, lakini ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mng'ao. Ukiufuta mng'ao unaondoa mfupa wa shavu. Punguza tu pale ulipofika 250 na undani umepotea, tena kwa theluthi ya stopu, si zaidi.

Kuangaza uso: kikomo ni nusu stopu. Kwenye programu yenye leya, kama GIMP, tengeneza leya mpya ya kijivu cha asilimia 50, iweke kwenye hali ya mwanga laini, kisha paka kwa brashi nyeupe yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 8, polepole, kuanzia kwenye macho na mashavu. Zima leya na uiwashe. Ukiona ukingo wa mwanga umezunguka kofia kama taji, umepita kiasi. Ikiwa uso unahitaji stopu nzima, kosa lilikuwa kwenye mita, na fremu nyingine ya roli hiyo pengine ni bora.

Vitelezi vya kulainisha ngozi havina kazi hapa. Huona chale, kovu na kipini cha pua kama dosari na kuvifuta kwa pamoja.

Hina, wanja, liwa

Hapa ndipo uhariri wa ngozi unapogongana na pambo. Hina na ngozi hukaa kwenye rangi ileile ya machungwa. Ukishusha nguvu ya machungwa kwa picha nzima ili uso upoe, hina ya mkononi nayo inafifia, na ua lililochukua saa 2 kuchorwa linakuwa kama doa la chai. Dawa ni maski: zungushia uso peke yake, laini ukingo kwa pikseli 60 hadi 100, rekebisha humo, usiguse mikono. Piko haina shida hiyo kwa kuwa ni nyeusi, ila ukiinua vivuli inageuka kahawia.

Wanja unataka weusi wa kweli. Vivuli vikiinuliwa ili nywele zionekane, wanja hufifia kwanza. Liwa, unga wa manukato unaopakwa usoni, nayo ina manjano yake hafifu, na chombo cha otomatiki kikiiona huichukulia kama ugonjwa wa rangi. Zima chombo hicho.

Kanga na buibui

Wekundu wa kanga hufika kikomo kabla ya rangi nyingine zote. Angalia histogramu (grafu ya mwanga) ya chaneli nyekundu peke yake: ikiwa imebanana ukutani upande wa kulia, mikunjo ya nguo imepotea. Usipunguze nguvu ya rangi, kwani kanga itakuwa imechujuka. Punguza mng'ao wa nyekundu kwa 10 hadi 15 na mikunjo itarudi bila rangi kufa.

Jina la kanga lisomeke. Hii ina maana usigeuze picha kushoto-kulia kwa ajili ya mpangilio, na ukikata picha usikate neno katikati. Mtu huchagua kanga kwa jina lake, na nusu ya jina inaweza kusema kitu kingine kabisa.

Kofia ya viua ni mtihani wa kunoa. Kila tundu dogo lililoshonwa likinolewa kupita kiasi hupata pete nyeupe, na kofia inaonekana ya plastiki. Noa mwisho kabisa, baada ya kupunguza ukubwa wa picha: nusu kipenyo pikseli 0.8, nguvu asilimia 50. Ikiwa pete zinaonekana, shuka mpaka 30.

Kanzu ikiwa juani ikae 235 hadi 245. Buibui likae 15 hadi 25, ili mkunjo uonekane ukitazama kwa makini. Hapo kati nguo zote mbili ni za kweli. Ukivuta buibui mpaka 50 "kuonyesha undani", unapata kitambaa cha kijivu ambacho hakuna aliyekivaa.

Moshi, waya na watu wa nyuma

Makunduchi kuna vumbi na moshi. Kitelezi cha kuondoa ukungu kinavutia sana, lakini kikizidi 10 anga linakuwa la risasi na nyuso zinapata kontrasti ya kutisha. Moshi ni sehemu ya tukio. Rudisha weusi kwa kusogeza pointi nyeusi mpaka kitu cheusi zaidi kwenye picha kifike 10, basi.

Vumbi la skana, nyuzi na mikwaruzo ya filamu huondolewa kwa mkono, picha ikiwa kwenye asilimia 100. Doa la ngozi, baka la jasho kwenye kanzu na kamba ya tamasha mkononi hubaki. Waya za umeme na mpita njia hubaki pia. Kama hazikufai, kata picha. Anayepeleka picha kwenye mashindano ya habari ajue kwamba World Press Photo hukataa picha iliyoongezwa au kuondolewa mtu au kitu, lakini kukata pembeni na kufuta vumbi kunaruhusiwa.

Punje usiziondoe. Punje na uzi wa nguo ni vya ukubwa mmoja, na programu haiwezi kuvitofautisha. Ikiwa kuna madoadoa ya rangi kwenye vivuli, punguza kelele ya rangi tu, 10 hadi 20, na ya mwanga iache sifuri.

Nyeusi na nyeupe

Uhariri wa HP5 hufanyika kwenye chujio na kwenye tangi. Chujio la manjano (hula stopu 1 ya mwanga) linatosha kutia anga kivuli. La machungwa (stopu 2) huangaza ngozi na hina kwa pamoja, kwa hiyo hina hupungua. La kijani hufanya ngozi kuwa nzito na hina kusimama, lakini midomo huwa myeusi. Kumbuka pia kanga nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kimoja, na pindo likapotea ndani ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga. Kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyochanganywa 1+1 (sehemu moja ya dawa kwa moja ya maji), muda ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Maji ya bomba yakiwa na joto, nyuzi 24, fanya karibu dakika 9.

Kujua umefika

Skrini ikiwa na mwangaza wa kupita kiasi utaishia na picha nyeusi kwenye karatasi, kwa hiyo iteremshe mpaka karatasi nyeupe iliyo kando yake ilingane nayo. Funga faili, ulale. Asubuhi ifungue pamoja na skani ya mwanzo, kando kwa kando. Ikiwa kitu cha kwanza unachokiona ni mtu, basi. Ikiwa ni rangi, shusha uwazi wa leya zako zote mpaka asilimia 60 na uangalie tena. Mara nyingi 60 ndiyo ilikuwa sahihi.

Kwa mtandaoni toa JPEG yenye pikseli 2,048 upande mrefu, sRGB, ubora 85. Kwa ajili ya mtu mwenyewe chapa nakala ya sentimita 13 kwa 18 kwenye karatasi ya nusu mng'ao. Karatasi isiyong'aa kabisa humeza weusi wa buibui na wanja, na yenye mng'ao mkali huchukua alama za vidole kabla haijafika kwake.